Jinsi ya Kuipata Utaridi Angani

Wapo watazamaji wa nyota waliokwisha kuiona Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali mara nyingi, lakini Utaridi bado inawakwepa. Wengi hudhani ni kwa sababu sayari hii ni hafifu. Si kweli. Katika siku zake nzuri Utaridi hung'aa kuliko karibu nyota zote za usiku. Shida ni kwamba haiachani na Jua. Jioni hutua punde baada ya Jua kuzama, na alfajiri huchomoza muda mfupi tu kabla ya Jua, kwa hiyo unaipata chini sana, ndani ya mwanga wa magharibi au wa mapambazuko, kwa nusu saa hivi au zaidi kidogo. Anayechagua siku vizuri ataiona kwa macho matupu. Anayekwenda nje siku yoyote ile, hata akiwa na chombo kikubwa, atarudi bila kitu.

Kwanza, siku

Utaridi humaliza mzunguko wake kulizunguka Jua kwa siku 88. Lakini sisi tunaitazama tukiwa juu ya Dunia ambayo nayo inasonga, hivyo mtiririko mzima wa kuonekana kwake hujirudia kila baada ya siku 116 hivi. Ndani ya siku hizo hujitokeza msimu mmoja jioni upande wa magharibi, kisha msimu mmoja alfajiri upande wa mashariki. Kila msimu una siku moja ambapo sayari imeachana na Jua kwa pembe kubwa kuliko siku zote za msimu huo. Hapa tutaiita siku ya kilele.

Kutoka kilele cha jioni hadi kilele cha alfajiri kinachofuata ni wiki sita hivi. Kutoka hapo hadi kilele cha jioni kingine ni kama wiki kumi. Kwa kuwa mitiririko mitatu huchukua siku 348, msimu unaofanana na wa mwaka huu utatokea mwakani siku 17 hivi mapema zaidi. Ukitaka kulinganisha na miaka ya nyuma, tumia miaka 13: tarehe za vilele hurudi karibu zilezile, zikichelewa siku tatu hivi.

Tarehe kamili zipatie katika kalenda ya anga au katika programu kama Stellarium, ambayo ni ya bure. Weka mahali ulipo, peleka saa hadi dakika 30 baada ya machweo (au kabla ya macheo), kisha sogeza siku moja moja huku ukisoma mwinuko wa Utaridi juu ya upeo wa macho. Namba hiyo ya mwinuko ndiyo ya kuamulia. Ikiwa nyuzi 10 au zaidi, panga kutoka. Kati ya 5 na 9, chukua darubini ya macho mawili. Chini ya 5, subiri msimu mwingine, isipokuwa uko mahali penye upeo wa bahari na hewa safi kabisa.

Usidanganywe na pembe ya kilele peke yake. Njia ya Utaridi si duara kamili. Ni duaradufu, na umbali wake kutoka Jua hubadilika kati ya kilomita milioni 46 na karibu milioni 70. Ndiyo maana kuna vilele vya nyuzi 18 na vingine vya 28. Mtu huona 28 akafurahi, kumbe mahali alipo sayari italala pembeni ya Jua sambamba na upeo wa macho, na itazama pamoja na mwanga wa jioni. Kinachoamua ni jinsi mstari wa sayari (njia ya angani ambayo Jua na sayari huifuata) unavyosimama juu ya upeo saa hiyo.

Kwa mtazamaji wa latitudo za kati za kaskazini, mstari huo husimama wima jioni za Februari hadi Aprili, na alfajiri za Septemba na Oktoba. Kusini mambo hugeuka: jioni nzuri ni za Agosti hadi Oktoba, na alfajiri nzuri ni za Machi hadi Mei. Watu wa kusini wana bahati hapa, kwa sababu vilele vikubwa vya nyuzi 27 na 28 huangukia misimu yao mizuri, ilhali misimu mizuri ya kaskazini huja na vilele vidogo vya 18 au 19. Aliye karibu na ikweta anapata karibu kila msimu. Huko Jua hushuka wima au karibu wima, kwa hiyo kilele cha nyuzi 20 huiacha sayari angani kwa zaidi ya saa moja baada ya machweo, na kile cha 28 hukaribia saa mbili.

Kabla ya kilele au baada yake?

Hapa ndipo wengi hupoteza msimu mzima. Wanasoma tarehe ya kilele, siku hiyo mawingu yanatanda, wanaamua kujaribu wiki moja baadaye na hawaoni chochote.

Utaridi ina sura zinazobadilika kama za Mwezi. Katika msimu wa jioni huanza ikiwa upande wa pili wa Jua: ni ndogo, lakini imejaa mwanga. Kadiri siku zinavyokwenda huisogelea Dunia, hufika nusu siku za kilele, kisha huwa hilali nyembamba inayofifia upesi. Kwenye kipimo cha uangavu ambacho namba ndogo ndiyo yenye mwanga mkali zaidi, wiki moja kabla ya kilele cha jioni inaweza kuwa karibu na −1. Siku ya kilele huwa kwenye sifuri hivi. Wiki moja baadaye inaweza kuwa imeshashuka hadi +1 au +2, na katika anga ambalo bado lina mwanga nyota ya +2 haionekani kwa macho.

Basi kwa jioni, anza kutafuta siku kumi kabla ya kilele na acha siku nne au tano baada yake. Kwa alfajiri geuza: mwanzo wa msimu ndipo sayari ni hilali hafifu, kisha huongezeka mwanga kila siku. Anza siku tatu au nne kabla ya kilele na endelea hadi siku kumi au kumi na mbili baadaye. Ukifuata sheria hii utakuwa na wiki mbili hivi za kujaribu badala ya siku moja, na mawingu ya siku mbili tatu hayatakuharibia kitu.

Mahali pa kusimama

Unahitaji upeo wa macho ulio wazi upande mmoja tu: magharibi kwa jioni, mashariki kwa alfajiri. Nyosha mkono na ukunje ngumi. Upana wa ngumi hiyo angani ni nyuzi 10 hivi. Vidole vitatu vya kati vikiwa pamoja ni nyuzi 5. Nenda mahali hapo mchana na upime: miti, majengo au vilima vikifika juu ya vidole vitatu kutoka usawa wa upeo, tafuta mahali pengine. Kilima kirefu, paa la ghorofa au ufuko vinafaa. Taa za mji hazina madhara makubwa katika kazi hii, kwa kuwa anga lenyewe bado lina mwanga. Vumbi na moshi ndivyo adui. Mwanga wa nyota iliyo kwenye mwinuko wa nyuzi 10 hupita katika hewa nyingi mara tano na nusu kuliko wa nyota iliyo utosini, na kwenye nyuzi 5 ni mara kumi hivi. Jioni inayofuata mvua kubwa, hewa ikiwa imeoshwa, ina thamani kuliko jioni tatu za kiangazi chenye ukungu wa vumbi.

Kutafuta

Fika kabla Jua halijazama. Tazama ni juu ya kitu gani cha ardhini Jua linazama (mti, mnara, ncha ya kilima) na ukikumbuke, maana giza likianza kuingia hutajua tena. Usilitazame Jua lenyewe kwa chombo chochote, hata likiwa jekundu na limebaki kipande.

Subiri dakika 20 hadi 25 ukiwa karibu na ikweta. Kwenye latitudo za juu subiri dakika 30 au zaidi, kwa kuwa huko Jua hushuka kwa mshazari. Kisha anza kuchunguza juu ya ile alama yako. Kaskazini ya dunia, ukielekea magharibi, sayari kwa kawaida huwa juu na kushoto kwa alama. Kusini huwa juu na kulia. Karibu na ikweta hutegemea mwezi: Juni na Desemba iko karibu wima juu ya alama, Machi mstari huegemea kulia, Septemba kushoto. Kwa alfajiri, ukielekea mashariki, kaskazini ya dunia sayari huegemea kulia na kusini kushoto. Ikweta hubaki vilevile: Machi kulia, Septemba kushoto.

Pima kwa ngumi kulingana na mwinuko uliousoma kwenye programu, kisha pitisha macho polepole kushoto na kulia kwenye kimo hicho. Macho yakikosa kitu cha kushika katika anga tupu hulegea na kulenga karibu, na nukta iliyo mbele yako hupita bila kuonekana. Dawa yake ni kutazama kwanza kitu cha mbali kwenye upeo, kisha kuinua macho bila kubadilisha ulengaji.

Darubini ya macho mawili ya 7×50 au 10×50 (namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita) hurahisisha kazi mno. Ilenge kwanza kwenye kitu cha mbali sana kama wingu la upeoni, au Mwezi ukiwepo. Ikiwa imelengwa vibaya, nukta ya sayari husambaa ikawa duara hafifu na kumezwa na mwangaza wa anga. Hili ndilo kosa linalowanyima wengi Utaridi hata wakiwa na chombo kizuri. Anza na mwinuko wa kati, fagia upande hadi upande, shuka nusu ya upana wa uwanja wa chombo (eneo la anga unaloliona ndani yake), fagia tena. Ukiipata, shusha darubini huku macho yakibaki palepale, na mara nyingi utashangaa kuiona bila chombo.

Dakika nzuri kabisa ni zile ambazo Jua liko kati ya nyuzi 6 na 10 chini ya upeo. Karibu na ikweta hizo ni kama dakika 24 hadi 40 baada ya machweo. Kabla ya hapo anga ni jeupe mno. Baada ya hapo sayari imeshashuka kwenye hewa nzito. Alfajiri hesabu ni ileile kwa kinyume, ila huko darubini ya macho mawili iwekwe chini kabisa dakika kumi kabla ya macheo, bila mjadala. Jua likichomoza ndani ya uwanja wa lenzi huunguza retina papo hapo, na retina haiumi, kwa hiyo hakuna onyo.

Je, ndiyo yenyewe?

Zuhura ndiyo hudhaniwa Utaridi mara nyingi zaidi. Kitu cheupe kinachong'aa kupita kiasi na kuonekana hata kabla Jua halijazama vizuri ni Zuhura. Utaridi haifiki hata karibu ya hapo, na rangi yake chini ya anga huwa ya manjano au ya waridi kwa sababu ya hewa inayopita katikati. Humeta pia. Ile kanuni ya kwamba sayari hazimeti haifanyi kazi kwenye mwinuko wa nyuzi 8, usiitumie kuikataa. Ndege inayokuja upande wako huweza kusimama palepale kwa dakika nzima ikiwa na taa nyeupe, kwa hiyo subiri dakika mbili. Nyota kama Spica, Antares na Aldebaran hupita maeneo hayo kwa nyakati zake. Zitazame kwenye programu kabla ya kutoka, ujue ipo ipi upande gani.

Uthibitisho wa mwisho ni kurudi siku mbili tatu baadaye. Nyota zote za magharibi zitakuwa zimeshuka, kila moja kwa nyuzi moja hivi kwa siku. Utaridi itakuwa imehama kati yao.

Kwa teleskopu

Usitarajie milima. Siku ya kilele kipenyo cha Utaridi angani ni sekunde 6 hadi 8 za tao, na sekunde moja ya tao ni nyuzi moja iliyogawanywa mara 3,600. Kwa ukuzaji wa mara 250 utaiona kwa ukubwa wa Mwezi unaoonekana kwa macho matupu. Teleskopu ya lenzi yenye kipenyo cha milimita 70 ikikuza mara 80 hadi 100 inatosha kuonyesha nusu duara au hilali. Kutazama umbo hilo likibadilika ndani ya wiki mbili ni moja ya vitu vizuri kabisa ambavyo chombo kidogo kinaweza kumpa mtu.

Tatizo ni hewa. Jioni, sayari ikiwa kwenye nyuzi 12, picha huchemka na ukingo wake huwa na rangi, nyekundu upande mmoja na buluu upande mwingine, kwa sababu hewa hupinda kila rangi kwa kiasi chake. Ukiongeza ukuzaji hapo unaongeza uchafu tu. Kichujio cha rangi ya chungwa namba 21 au chekundu chepesi namba 23A hukata buluu, hupunguza mchemko na kulifanya anga kuwa jeusi kidogo nyuma ya sayari. Namba 25 ni chekundu mno. Kiache kwa teleskopu za milimita 150 na kuendelea.

Njia bora zaidi ni ya alfajiri, kwa mwenye stendi yenye mota inayofuata anga. Ipate Utaridi kabla ya macheo, iwashe mota, na uendelee kuitazama inavyopanda. Nusu saa hadi saa moja baada ya macheo itakuwa nyuzi 20 au 30 juu, hewa ikiwa tulivu kabla ya ardhi kupata joto, na tofauti ya mwanga kati ya sayari na anga la buluu haiumizi jicho. Jipange ili ukuta au paa likuweke kivulini wewe na teleskopu yote, Jua lisiweze kuingia kwenye bomba hata chombo kikisogea kwa bahati mbaya. Umeme ukikatika au mota ikisimama, usiitafute tena kwa kubahatisha. Ziba mdomo wa teleskopu.

Anayependa kuchora achore umbo la mwanga kwanza, kisha madoa ikiwa anayaona. Ayachukulie madoa hayo kwa tahadhari kubwa. Katika karne ya 19 Giovanni Schiaparelli, mtazamaji mwenye jicho kali, alichora madoa na kuhitimisha kwamba Utaridi hujizungusha kwa siku 88, upande mmoja ukilielekea Jua daima. Mwaka 1965 rada ya kituo cha Arecibo, Puerto Rico, ilionyesha kwamba ni siku 59 hivi. Kilichowapotosha watazamaji ni kwamba misimu mizuri hurudi kila baada ya siku 348, na mizunguko sita ya sayari juu ya mhimili wake huchukua siku 352, hivyo kila mwaka walikutana na sura karibu ileile. Kwa hiyo chora katika misimu ya jioni na ya alfajiri, andika tarehe na saa, na usilinganishe mchoro wako na ramani kabla hujaumaliza.

Picha

Simu inatosha kwa picha ya mandhari. Ifunge kwenye stendi, zima flashi, weka ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) 100 au 200, muda wa nusu sekunde, ulengaji wa mbali kabisa, na kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisiitikise. Ukiiachia simu iamue yenyewe huangaza anga kupita kiasi na nukta ya sayari hupotea. Kwa kamera, lenzi ya milimita 50 hadi 135, ISO 400 na sekunde moja au pungufu.

Inapopita mbele ya Jua

Mara 13 hivi kwa karne Utaridi hupita katikati yetu na Jua, daima mwezi Mei au Novemba. Ilitokea tarehe 9 Mei 2016 na 11 Novemba 2019. Nyingine ni 13 Novemba 2032, kisha 7 Novemba 2039. Mapito ya 2016 yalichukua kama saa saba na nusu, ya 2019 saa tano na nusu.

Miwani ya kutazamia kupatwa kwa Jua haitakuonyesha kitu, maana mwezi Novemba kivuli cha sayari ni karibu sehemu moja tu kati ya 194 za kipenyo cha Jua. Unahitaji teleskopu ya kukuza mara 50 au zaidi, na kichujio cha Jua kilichofungwa mbele kabisa, kwenye mdomo wa teleskopu, kikakazwa kwa utepe ili upepo usikitoe. Vichujio vidogo vinavyofungwa kwenye lenzi ya jicho vitupe. Vinakaa pale joto lote linapokusanyika na hupasuka ghafla jicho likiwa pale. Kikague kichujio kwa kukiinua kuelekea taa kali: tundu hata la ncha ya sindano linakiondoa kazini.

Njia ya pili ni kuakisi picha ya Jua kwenye karatasi nyeupe iliyo sentimita 30 nyuma ya lenzi ya jicho, kwa teleskopu ndogo ya lenzi pekee. Tumia lenzi ya jicho ya bei ndogo isiyo na gundi wala plastiki ndani, maana joto huziyeyusha. Ziba au ondoa kabisa darubini ndogo ya kulengea, na asiachwe mtoto karibu na chombo bila mtu mzima. Kwa njia hii ya kuakisi ndivyo mwanafalaki Mfaransa Pierre Gassendi alivyoyaona mapito ya Utaridi jijini Paris tarehe 7 Novemba 1631, baada ya mwanafalaki Johannes Kepler kuyatabiri. Nukta ilikuwa ndogo kuliko alivyotarajia, naye mwanzoni aliidhania doa la Jua.

Wewe utazitofautisha hivi: doa la Jua lina ukingo wa kijivu usio sawa na halionekani kusogea ndani ya saa moja; Utaridi ni duara kamili, nyeusi tii, na baada ya dakika 10 imeshahama. Kuingia kwake ukingoni mwa Jua, kutoka mguso wa kwanza hadi kuzama yote ndani, huchukua kati ya dakika moja na nusu na tatu na kidogo, hivyo kuwa tayari dakika tano kabla, saa yako ikiwa imerekebishwa kwa sekunde. Andika muda wa kila mguso. Nukta ikionekana kunata kwenye ukingo kama tone kabla ya kuachia, andika muda ambao uzi huo ulikatika, na uandike pia hali ya hewa na kipenyo cha teleskopu yako, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyoongeza au kupunguza unato huo.